Kalamu Isitangulie Macho



Kila tukutanapo, iwe hapa Amu, iwe Pate, Faza, Hindi au Mpeketoni, kilio ni kimoja: hatuna viongozi. Kilio hicho ni cha haki, lakini kina upungufu. Twalia kana kwamba kiongozi huokotwa ufuoni kama kombe lililotupwa na mawimbi. Hatuulizi hutoka wapi, wala hulelewa na nini. Nionavyo mimi, kiongozi hufinyangwa, na katika mikono yote imfinyangayo, mkono wa kusoma ndio tuliouacha ulegee kuliko yote.

Naanza na kosa langu mwenyewe, ili nisije nikahubiri nisichokitenda. Miaka kadhaa iliyopita nilihudhuria mkutano mmoja wa wananchi. Asubuhi tuligawiwa hati nene. Adhuhuri, kabla ya chakula, ikapitishwa orodha, nami nikatia sahihi nikidhani ni ya mahudhurio. Siku nyingi baadaye ndipo nilipoiona orodha ile kwa mara ya pili. Juu ya majina yetu paliandikwa kwamba sisi tuliotia sahihi tumeisoma hati na kuikubali. Maneno hayo hayakufichwa. Yalikuwa kwa herufi za kawaida, juu ya jina langu. Naona haya kusema kwamba sikudanganywa na mtu. Nilishindwa kusoma mstari mmoja. Na Jumapili iliyotangulia nilikuwa nimesimama mbele ya vijana kanisani nikiwahimiza wawe macho!

Tangu siku hiyo nimejiuliza swali hili: sisi tudaio mageuzi, tunasoma nini, na lini?

Visiwa hivi havikuwa visiwa vya watu wasiosoma. Huko Pate, mwaka wa 1728 hivi, ndiko ulikoandikwa Utendi wa Tambuka, mmoja wa tenzi kongwe za Kiswahili tulizonazo. Siyu, mji ambao leo mgeni huonyeshwa ngome yake tu, ulikuwa mji wa wanavyuoni na wanakili wa Misahafu, watu waliokaa wakaiandika kwa mkono, herufi baada ya herufi, na kuipamba. Mwaka wa 1858 Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka mtawala wa Siyu, alimtungia bintiye utenzi wa mawaidha ambao hata leo wasomwa na kubishaniwa. Tukubaliane naye au tusikubaliane, huyu ni mwanamke wa visiwa vyetu aliyeshika kalamu karne moja na zaidi kabla ya Kenya kuwa nchi huru.

Lakini tusijisifu mno kwa ya kale. Elimu ile ilikuwa na milango, na milango ile ilikuwa na mabawabu. Wenye nasaba waliingia, wengine wakasikilizia nje. Ndiyo maana kazi ya Habib Saleh, aliyeanzisha chuo na msikiti wa Riyadha mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, yapasa ikumbukwe hata na sisi Wakristo. Aliwafundisha watu waliodharauliwa, wakiwamo waliotoka katika utumwa na watoto wao, na kwa hilo alipata upinzani wa wakubwa. Wakubwa wale hawakukosea kuogopa. Mtu aliyezoea kufungua kitabu kwa mkono wake hakubali kwa urahisi kuambiwa kwamba kuna mambo ambayo si ya kabila lake kuyajua.

Mfano wa pili ni wa mtu wa zama zetu. Abdilatif Abdalla alizaliwa Mombasa mwaka wa 1946, na sehemu ya utoto wake ilipita Faza, katika malezi ya mzee wa ukoo wake aliyemfunza kuupenda ushairi. Hakuwa na shahada ya chuo kikuu wala cheo serikalini. Alikuwa na mazoea ya kusoma, na mazoea hayo yalimzalia mazoea ya kuuliza. Mwaka wa 1968, alipokuwa kijana wa miaka 22 na mfuasi wa chama cha upinzani cha KPU, aliandika waraka ulioitwa Kenya: Twendapi? Kwa swali hilo alifungwa tangu 1969 hadi 1972. Gerezani alitunga mashairi kwa siri, akiyaandika hata katika karatasi za chooni. Mwaka wa 1973 yalitoka kitabuni kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata kitabu hicho kikapewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Tuzo hiyo ilibeba jina la rais yuleyule ambaye serikali yake ilimfunga.

Nakitaja kisa hiki kwa sababu moja. Mtu hajengwi akiwa gerezani. Gereza hufunua kilichokwisha kujengwa. Kijana yule aliingia seli akiwa na akiba moyoni: bahari za ushairi alizozisikia na kuzisoma tangu utotoni, hoja alizozipima, lugha aliyoimiliki. Walimnyang'anya vitu vyote, ila hiyo hawakuweza. Nawauliza wanaharakati wenzangu: siku tutakapotengwa na umati, na vipaza sauti, na simu zetu, ndani yetu patabaki akiba gani?

Kanisa nalo lina fungu lake katika habari hii. Mwaka wa 1982 katiba ilibadilishwa, Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kwa sheria. Mwaka wa 1988 uchaguzi wa mlolongo ulipovurugwa, jarida la Beyond la Baraza la Kitaifa la Makanisa liliandika yaliyotendeka, nalo likapigwa marufuku na mhariri wake akafungwa. Mwanzoni mwa 1990 Mchungaji Timothy Njoya alisimama mimbarini akataka mfumo wa chama kimoja ufikiriwe upya. Desemba 1991 kifungu cha 2A kikafutwa. Basi tusidhani mageuzi yaliletwa na mawe na kelele za barabarani pekee. Yaliletwa pia na watu waliokaa wakasoma, wakaandika, wakapiga chapa, na wengine waliopokezana karatasi chini ya kanzu na ndani ya vikapu. Serikali inayopiga marufuku jarida imekwisha kukiri kwamba msomaji ni mtu wa kuogopwa.

Na Maandiko yenyewe yatufundisha nini? Katika kitabu cha Nehemia, taifa lililotoka uhamishoni lilipotaka kujijenga upya, watu walikusanyika uwanjani, Ezra akawasomea torati tangu mapambazuko hadi adhuhuri, wanaume kwa wanawake, na Walawi wakawafafanulia mpaka wakaelewa. Katika Matendo ya Mitume wanasifiwa watu wa Beroya, kwa kuwa waliyachunguza Maandiko kila siku ili waone kama aliyoyasema Paulo ni kweli. Hata mtume alipimwa kwa kitabu! Iweje basi sisi tumwamini diwani, mbunge au gavana kwa kuwa tu sauti yake ni nene? Majirani zetu Waislamu nao husema kwamba neno la kwanza kushushiwa Mtume wao lilikuwa amri ya kusoma. Katika hili msikiti na kanisa havina ugomvi.

Haya si mambo ya nadharia hapa Lamu. Mamlaka ya mazingira ilipotoa kibali mwaka wa 2016 cha kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe huko Kwasasi, wenye megawati 1,050, wananchi waliletewa ripoti nene ya kitaalamu, kwa Kiingereza. Wangaliweza kuishia katika kulaani. Badala yake baadhi yao, chini ya umoja wa Save Lamu, waliitafuta ripoti, wakaomba wafafanuliwe, wakaipeleka mbele ya baraza la kitaifa linalosikiliza mashauri ya mazingira. Tarehe 26 Juni 2019 baraza hilo lilikifuta kibali, na mojawapo ya sababu ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Mahakama Kuu ya Malindi ilikuwa imekubali hoja za wavuvi waliodai kwamba bandari mpya imejengwa bila haki zao kuheshimiwa. Mvuvi aliyejua kilichoandikwa katika Katiba aliwashinda wenye magari na mawakili.

Najua nitakavyojibiwa. Wa kwanza atasema: hata madhalimu walisoma, tena katika vyuo vikubwa. Ni kweli. Kusoma hakumtakasi mtu kama udhu. Lakini chunguza namna walivyosoma: walisoma ili wapite mtihani na kupata cheo, kisha wakafunga kitabu. Nisemacho mimi ni mazoea, yaani mtu kukubali kila siku kukaa mbele ya mawazo yasiyo yake, na mara kwa mara kukuta kwamba alikosea. Asiyekosolewa na kitabu chumbani hatakubali kukosolewa na raia hadharani.

Wa pili atasema: vitabu ni ghali, na wengi wetu tumechoka na kazi, na wengine hawakupelekwa shule. Huyu namsikiliza kwa heshima zaidi. Namkumbusha tu kwamba katika pwani hii kusoma hakukuwa kazi ya mtu peke yake. Tenzi zilighaniwa, darsa zilisomwa mmoja akitamka na wengine wakisikiliza, na bibi asiyejua herufi alihifadhi beti kwa mamia. Kitabu kimoja chatosha barazani penye masikio kumi.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne, wala hayahitaji mfadhili.

Kwanza, kila tawi la harakati zetu na kila jumuiya ndogo ya kanisa iwe na saa moja kwa juma ya kusoma kwa sauti na kujadiliana. Tuanze na Katiba ya 2010, kifungu cha 1 kisemacho kwamba mamlaka yote ni ya wananchi, kisha cha 35 kuhusu haki ya kupata habari, kisha sura ya 11 kuhusu ugatuzi.

Pili, tudai hati za kaunti kwa Kiswahili. Kifungu cha 7 chakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Bajeti isiyosomeka na mvuvi wa Kizingitini si bajeti ya wazi.

Tatu, mtu asitie sahihi hati aliyopewa siku hiyohiyo. Aichukue nyumbani, aisome au asomewe, arudi kesho. Mwenye haraka na sahihi yako ana lake.

Nne, anayetaka tumchague, tumwulize hadharani: umesoma nini mwaka huu, na ni jambo gani lililokugeuza fikira? Atakayecheka swali hilo, naye tumcheke siku ya kura.

Ndugu zangu, chama kimoja kilikuwa na hotuba moja, na kazi yetu ilikuwa kupiga makofi. Tulipigania vyama vingi ili tuwe na hoja nyingi. Tukiwa na vyama vingi na wasomaji wachache, tumebadilisha bendera tu. Haba na haba hujaza kibaba: ukurasa mmoja usiku, mmoja alfajiri. Mimi nimeanza upya, na somo la kwanza nililojifunza ndilo nililoliweka juu ya waraka huu.