Tusiishie kupiga makofi

Kutoka hapa Irving hadi Fort Worth ni mwendo mfupi kwa gari. Huko ndiko alikoishi na kufariki Van Cliburn, mpiga piano wa Texas aliyekwenda Moscow mwaka 1958 akashinda Mashindano ya Tchaikovsky, wakati Marekani na Urusi zilikuwa hazitazamani usoni. Jina lake wengi wetu tunalijua. Jina la Nikolai Kashkin hatulijui.

Kashkin alizaliwa Voronezh mwaka 1839. Tangu 1866 alifundisha katika chuo cha muziki cha Moscow kwa miaka mingi, huku akiandika uhakiki magazetini. Alikuwa rafiki wa Tchaikovsky, na mwaka 1896, mtunzi huyo akiwa amekwisha kufariki, alichapisha kitabu cha kumbukumbu zake juu yake. Katika chuo hichohicho alihitimu Rosina Lhévinne mwaka 1898, ambaye baadaye alimfundisha Cliburn jijini New York. Makofi ya 1958, basi, yalikuwa na walimu nyuma yake.

Sisi je? Katika hafla za chama tunaimba, tunashangilia, tunasema "tamu sana", kisha tunakula pilau. Wapo wenzetu wanaosema kuhakiki wimbo ni kumvunjia mtu heshima. Hatukubaliani nao. Shaaban Robert alimheshimu Siti binti Saad kwa kuandika wasifu wake, na ndiyo maana leo tunaweza kumsoma, si kumsikia tu. Utazameni sasa wimbo wa "Malaika": unaimbwa dunia nzima, lakini hadi leo watu wanabishana ni nani aliyeutunga. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wimbo nao ni mali.

Tunapendekeza kila toleo la jarida hili liwe na ukurasa mmoja wa uhakiki wa wimbo mmoja: maneno yake yanasema nini, mwanafunzi wa Kiswahili anakwama wapi, kipi kimetugusa na kipi hakikutugusa, na kwa nini. Walimu wetu, tunawaomba mtusahihishe bila huruma. Tuanze na "Malaika" wenyewe, kwa kuwa tunauimba kila mwaka na nusu yetu hatuwezi kueleza maana yake.