Jenereta ibaki nje, betri ifanye kazi ndani

Sehemu nyingi za Tanzania, ujenzi wa fremu za maduka na maghala ya mazao huanza kabla nguzo ya umeme haijafika. Kuta zikishasimama na paa kuezekwa, kazi huhamia ndani: kukata marumaru, kutoboa kuta, kufunga dari na milango. Hapo ndipo jenereta ndogo ya petroli nayo huingizwa ndani, ama kwa kuogopa mvua, ama kwa kuogopa wezi.

Woga huo unaeleweka, kwani jenereta ni mtaji wa fundi. Lakini moshi wake una gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Fundi huanza kuumwa kichwa na kusikia kizunguzungu, akidhani ni uchovu au njaa. Akiendelea kubaki humo anaweza kuzimia na kufa. Kufungua dirisha hakutoshi. Hatari ni hiyo hiyo kwa mkulima anayeteremsha pampu ya petroli ndani ya kisima.

Kwa kazi nyingi za ndani, betri na inveta vinatosha. Betri ya volti 12 na Ah 100 hubeba wati-saa 1,200. Ikiwa ni ya asidi, kama zile za magari, haifai kutumiwa kupita nusu, na inveta nayo hula kidogo, hivyo hubaki kama wati-saa 500. Taa nne za wati 10 zikiwaka saa tano hutumia 200. Drili ya wati 600, ambayo kwa siku huenda ikazunguka nusu saa tu kwa jumla, hutumia 300. Betri ya lithiamu ya ukubwa huo huo hutoa karibu mara mbili, ingawa bei yake ni kubwa zaidi. Inveta iwe na uwezo unaozidi wati za mashine, kwa kuwa mota huvuta umeme mwingi inapoanza.

Betri haiwezi kila kitu. Kuchomelea vyuma na kuchanganya zege kunahitaji nguvu kubwa. Kwa kazi hizo jenereta itumike, lakini ikae nje, angalau mita 6 kutoka milangoni na madirishani, na umeme uingie kwa waya. Jenereta hiyo hiyo inaweza kuchaji betri huko huko nje. Betri ya asidi inapochajiwa hutoa gesi inayoweza kulipuka, hivyo iwekwe penye hewa, mbali na moto na sigara.

Tatizo kubwa liko kwenye mapatano. Mwenye jengo hupatana na fundi bei ya jumla, na suala la umeme humwachia fundi ajue mwenyewe. Fundi naye, akiwa na kazi ya siku tatu, hawezi kununua betri na inveta. Ni vyema umeme wa muda ukaingizwa kwenye makisio ya gharama tangu mwanzo, kama saruji na misumari. Wafanyabiashara wanaokodisha mashine za zege nao wana nafasi ya kukodisha betri zilizochajiwa. Mkulima mwenye betri za sola nyumbani anaweza kuanza na hizo.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kulinda uhai wa anaowaajiri. Hivyo, mwenye ghala asisubiri fundi aanguke ndipo aseme jenereta haikuwa yake. Aulize mapema itawekwa wapi, na kama jibu ni ndani, kazi isianze.