Likizo ya Malaysia na Bustani za Maji: Tunauliza Nguo ya Mama, Hatuulizi Macho ya Baba



Kila skuli zinapokaribia kufungwa, maswali ya safari huanza kutufikia. Wengi huuliza Umra, wengine safari ya Maskati kwa jamaa. Siku hizi Malaysia nayo imo. Si ajabu. Wapo vijana wetu waliosoma vyuo vikuu vya kule wakarudi na sifa zake, chakula cha halali hakitafutwi kwa tochi, na watu wake Waislamu ni wa madhehebu ya Shafi kama walivyo wengi wetu Unguja na Pemba. Malaysia yenyewe imeutangaza mwaka 2026 kuwa mwaka wa kuitembelea. Na katika orodha ya nchi zinazowafaa wasafiri Waislamu, inayotolewa na Mastercard na CrescentRating tangu 2015, imezoea kushika nafasi ya kwanza, peke yake au kwa kugawana na Indonesia.

Basi familia hupanga safari, na watoto wakishaonyeshwa picha kwenye simu hawataki tena kusikia habari za makumbusho wala minara. Wanataka bustani ya maji. Karibu na Kuala Lumpur iko Sunway Lagoon, iliyojengwa ndani ya shimo lililoachwa na machimbo ya bati. Johor iko ile ya Desaru. Ukivuka kwenda Bali utaikuta Waterbom ya Kuta, na Thailand ziko Phuket, Pattaya na Hua Hin. Kote humo mambo ni yale yale: mabomba marefu ya kutelezea, hodhi zenye mawimbi ya mashine, mto wa kuelea juu ya maboya, muziki, na mamia ya watu wa kila dini, kila mmoja amevaa anavyojua yeye.

Swali linalotufikia huwa moja, na karibu kila mara anayeuliza ni mwanamme: "Je, inafaa mke wangu avae burkini aingie majini?" Tutalijibu. Lakini tumelisoma swali hili mara nyingi kiasi cha kujiuliza kwa nini halina wenziwe. Mbona hakuna anayeuliza kuhusu kaptula yake mwenyewe? Mbona hakuna anayeuliza atayaweka wapi macho yake kwa saa sita, na yule kijana wake wa miaka kumi na tano atayaweka wapi yake?

Wanavyuoni wetu hawakungojea mabomba ya plastiki ili walijue jambo hili. Miji ya Waislamu ilikuwa na hamamu za umma kwa karne nyingi, na hapa kwetu jengo la Hamamni lililojengwa zama za Sultan Barghash bado lipo Mji Mkongwe kwa anayetaka kuliona. Hamamu ni pahala pa maji, pa raha, pa watu wengi kuvua nguo pamoja. Kwa hivyo hukumu zake ndizo zilizo karibu zaidi na suala letu.

Imam Ghazali (aliyefariki mwaka 505 Hijria, sawa na 1111), ambaye ni katika maimamu wakubwa wa madhehebu yetu, amelieleza jambo hili katika Ihya, kwenye mlango wa tohara. Anasema anayeingia hamamu ana wajibu nne. Mbili ni za uchi wake mwenyewe: asiuache kuonekana, wala asiuache kuguswa na mwengine. Mbili ni za uchi wa watu: ayainamishe macho yake, na amkataze anayejifunua. Kisha anasema kwamba katika zama zake uangalifu ni kuacha kuingia, kwa sababu hamamu hazikosi watu waliojifunua, na watu hawaihesabu sehemu ya chini ya kitovu kuwa ni uchi. Na hapo alikuwa akizungumzia hamamu ya wanaume peke yao.

Tukizipima wajibu hizi nne, tutaona kwamba swali la burkini linagusa moja tu, tena kwa upande wa mama tu. Uchi wa mwanamme katika madhehebu ya Shafi ni baina ya kitovu na magoti. Kaptula ya kuogelea inayopanda juu ya paja akikaa kwenye boya haikumsitiri, hata kama kila mwanamme pale kavaa hivyo hivyo. Na katika Suratun Nur aya ya kuinamisha macho imeanza na wanaume (aya ya 30), ndipo ikafuatia ya wanawake (aya ya 31). Mpangilio huo tunausoma kila siku, tukifika ufukweni tunausahau.

Na iko hali nyengine, pengine ndiyo iliyotusukuma kuandika. Baba huona tatizo, akaamua kwamba dawa yake ni mama abaki kwenye benchi. Analipa tiketi za familia nzima. Anaingia majini na watoto. Mama, na baibui lake, katika joto lile la Malaysia lenye unyevu, anakaa na mabegi, viatu na simu za watu watano kutoka asubuhi mpaka alasiri. Jioni baba anajisikia amehifadhi dini ya nyumba yake.

Hakuihifadhi. Iko hadithi kwa Tirmidhi na Nasai inayomkataza mwanamme kuingia hamamu bila ya shuka ya kiunoni, na kumkataza asimwingize mkewe hamamuni. Wako wanaoishika hadithi hiyo kwa nusu yake. Yule aliyemkalisha mkewe kwenye benchi hakumwepusha na hamamu, bali amemwingiza ndani akamnyima maji tu. Mama amekaa mbele ya yale yale ambayo mumewe anasema hayafai, na mume mwenyewe yumo katikati yake. Kama pahala hapafai kwa mmoja kwa sababu ya waliojifunua, basi hapafai kwa wote wawili.

Sasa jibu la burkini. Nguo hii iliyobuniwa Australia mwaka 2004 na Aheda Zanetti inafunika mwili wote isipokuwa uso, viganja na miguu. Katika madhehebu yetu sitara ni kuficha rangi ya ngozi. Nguo inayobana ikaonyesha umbo, kwa mwanamke ni makuruhu lakini imesitiri. Ikiwa nzito, ina kanzu juu yake inayofika karibu na magoti, na haing'ang'anii mwili sana ikirowa, hiyo ni sitara inayokubalika mahali ambapo kuogelea kwenyewe kunafaa. Kwa hivyo hatusemi burkini ni haramu. Tunasema burkini inatatua la mvaaji, haitatui la waliomzunguka, wala la mumewe. Mwenye kudhani kwamba akishainunua suala limekwisha amejipunja.

Na asidhani kwamba kanga au baibui la pamba litafaa badala yake. Bustani hizi huwarudisha watu wenye nguo hizo kwenye mitelezo, na kwa sababu ya haki: pamba ikinywa maji inakuwa nzito, inamvuta mtu chini, na kitambaa kilegevu kinaweza kunasa kwenye maungio ya bomba. Vifungo vya chuma na zipu navyo hukataliwa.

Je, tunasema watu wasiogelee? Hasha. Sisi ni watu wa visiwa. Tarehe 10 Septemba 2011 Spice Islander ilizama ikielekea Pemba, na mwezi Julai 2012 ikafuata Skagit, wakafa mamia ya watu wetu, wengi wao kina mama na watoto. Msichana wa kisiwani asiyejua kuelea ni jambo la kutusumbua sote. Kule Nungwi, mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamejisitiri mwili mzima, na tunaona wazazi wengi zaidi wangelipenda jambo kama hilo lifike mitaani kwao. Anayesema maji si ya wanawake hakuyachukua kwetu.

Wala mchezo baina ya mke na mume si aibu. Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na Bibi Aisha (R.A.), na ilikuwa safarini. Imepokewa kwa Imam Ahmad kwamba kwanza aliwaambia watu watangulie mbele. Wakatangulia, ndipo wakashindana. Yeye hakumnyima mkewe mchezo, wala hakuufanya mbele ya kaumu. Ghazali naye, baada ya kuzitaja zile wajibu, akapendekeza mtu aitafute hamamu iwe tupu.

Hapo ndipo tunapoona njia ya familia zetu ilipo. Bustani kubwa, siku ya Jumamosi au sikukuu, imejaa watu waliojifunua: hatuoni kwamba inafaa kuingia, si kwa baba wala kwa mama, na kijana aliyebaleghe ndiye wa kuogopewa zaidi. Bali na ukali huo, mlango haukufungwa. Malaysia na Indonesia ziko nyumba za likizo za kukodi zenye bwawa lao lenye ukuta. Familia mbili zikigawana gharama, huenda zikaona hazikuzidi sana tiketi za bustani kwa watu wote, na mama anaogelea na watoto wake wala hapana wa kumtazama. Kwa watoto wadogo wasiobaleghe jambo ni jepesi zaidi. Siku ya kazi, asubuhi mlango unapofunguliwa tu, kwenye hodhi zao za kina kifupi, nje ya likizo za skuli za wenyeji, hali huwa nyengine kabisa. Anayewapeleka awe amevaa suruali ya kuogelea inayopita magoti, na akikuta hali siyo, atoke. Tiketi haina daraja ya kumlazimisha mtu kubaki.

Ukisikia pana siku au saa za wanawake peke yao, ulizia mambo mawili kabla ya kulipa. Waokoaji siku hiyo ni wanawake? Simu zinaruhusiwa ndani? Kwani siku ya wanawake yenye kamera mia si faragha. Na kina mama wajue kwamba hata baina yao upo mpaka: mbele ya Muislamu mwenziwe ni baina ya kitovu na magoti, na mbele ya asiye Muislamu, kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu, asionyeshe zaidi ya kile kinachoonekana kwa kawaida akifanya kazi za nyumbani. Kuvaa vazi la kuogelea la kizungu kwa hoja kwamba "sote wanawake" hakujibu.

Nchi nazo hazifanani. Malaysia utakuta surau, yaani chumba cha kusalia, karibu kila pahala, na nembo ya halali ya JAKIM kwenye migahawa. Hata hivyo mwaka 2017 ziliandikwa habari za hoteli huko huko zilizokataza burkini kwenye mabwawa yao, kwa hivyo kuuliza kabla ya kulipia chumba si aibu. Bali ni kisiwa cha Wahindu, na Kuta ni mtaa wa ulevi na nguo za ufukweni. Hatuoni familia inatafuta nini pale. Thailand, mwenye kusafiri katikati ya Aprili ajue ataikuta Songkran, mwaka mpya wao wenye mila za Kibudha, ambapo kumwagiana maji ni sehemu ya sherehe yenyewe. Watoto wataiona ni mchezo tu, na mzazi itambidi aeleze.

Limebaki la Sala, ambalo kwenye maswali yote tuliyoyapata hakuna hata mmoja aliyeligusa. Kuala Lumpur Adhuhuri huingia kati ya saa saba na saa saba na nusu mchana, na Alasiri kiasi cha saa kumi na nusu. Bustani za maji kwa kawaida hufunguliwa kabla ya zote mbili na kufungwa baada yake. Sala mbili, basi, zitawakuta majini, na nguo zimerowa. Na mtu asijitulize kwa kusema "mimi ni msafiri, nitakusanya". Katika madhehebu ya Shafi, mwenye kunuia kukaa mji mmoja siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na ya kutoka, ruhusa yake ya kupunguza na kukusanya imekatika tangu alipofika. Familia iliyokodi nyumba ya wiki nzima Kuala Lumpur inasali kama iko kwao, Adhuhuri kwa wakati wake na Alasiri kwa wakati wake. Chukueni kanzu kavu na kitambaa cha kujifutia ndani ya mfuko usiopitisha maji. Na yale mafuta ya kukinga jua yanayoganda juu ya ngozi yasiingize maji, yaosheni vizuri mikononi na usoni kabla ya kutia udhu.