"Utapata mwingine" si pole

Wasee, leo naongea na sisi wote tuliowahi kumwambia mama aliyepoteza mtoto, "Usijali, bado uko mdogo, utapata mwingine." Nasema sisi kwa sababu hata mimi nilisema. Nilimwambia dadangu, akiwa bado kwa kitanda cha hospitali, mimba ikiwa imefika wiki 36. Hakunijibu. Aligeukia ukuta.

Hebu fikiria. Umefiwa na babako, halafu mtu anakuja matangani kukuambia mamako bado ni mrembo, ataolewa tena. Si atafukuzwa? Lakini mtoto akifia tumboni tunaona ni sawa, ati kwa sababu sisi hatukumzoea. Dadangu alikuwa anamjua. Alijua saa za usiku anazopiga mateke. Na alikuwa na jina, sisi wenyewe tulimwita hivyo mpaka Jumanne. Jumatano akawa "hiyo maneno".

Kuna vitu sikuwa najua. Mtoto akiwa amekomaa hivyo, mara nyingi mama anaanzishiwa uchungu na anasukuma kama mzazi mwingine yeyote. Dadangu alisukuma, halafu akalazwa wadi moja na akina mama wanaonyonyesha. Siku ya tatu maziwa yakaja. Hakuna mtu alikuwa amemwambia yatakuja. Alikuwa anakunja vitambaa na kuviweka ndani ya sidiria huku wageni sebuleni wakimwambia ashukuru Mungu yeye yuko hai. Shemeji naye alipigwa bega akaambiwa, "Kaza, wewe ni mwanaume." Basi.

Halafu kuna wale wa kutafuta makosa. Alibeba ndoo. Alipanda boda. Kuna jirani ana macho mabaya. Tafadhali! Duniani karibu watoto milioni 2 kila mwaka huzaliwa wakiwa wamekufa baada ya wiki 28, na zaidi ya asilimia 40 hufa wakati uchungu umeshaanza. Hapo ndoo inaingia wapi? Hapo unauliza kama kulikuwa na mtu wa kusikiliza moyo wa mtoto, kama ambulensi ilikuwa na mafuta, kama daktari wa kupasua alikuwepo. Lakini kuuliza serikali ni kazi, kumuuliza mama ni rahisi.

Najua mtaniambia kina shosho walinyamaza na maisha yakaendelea. Walinyamaza, ndio. Shosho yangu alikuja kumwona dadangu, akakaa naye chumbani mlango ukiwa umefungwa, na alipotoka ndipo tukajua alizaa watoto 8, si 7. Zaidi ya miaka 50 hakuna mtu aliwahi kumuuliza. Mamangu mwenyewe hakuwa anajua kama alikuwa na kaka. Hayo ndiyo maisha yaliyoendelea?

Kama huna la kusema, sema pole na uoshe vyombo. Uliza mtoto aliitwa nani. Na msipeane nguo zake kabla mwenyewe hajarudi nyumbani, vile sisi tulifanya tukidhani tunamsaidia. Dadangu alifika akaulizia kofia moja ya samawati na tukaanza kuangaliana.

Mimi nilirudi kumwomba msamaha baada ya wiki 2. Nikamuuliza mtoto alikuwa anafanana na nani. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia, "Pua ilikuwa yako."