Tundu la Shingoni Lisiwe Mwisho wa Tiba

Kijana aliyegongwa na bodaboda analazwa ICU, anawekewa mpira wa kupumulia, anapona na kuruhusiwa. Wiki chache baadaye anarudi kliniki akihema, na kila avutapo pumzi shingo inatoa mkoromo. Anaandikiwa dawa ya pumu. Hajawahi kuugua pumu, wala dawa haimpi nafuu, lakini anaongezewa dozi. Anapofika kwa daktari wa koo, njia ya hewa imebana kiasi kwamba usiku huohuo anatobolewa shingo ili asife.

Kumtoboa ni sahihi. Kinachotuumiza ni kwamba wengi huishia hapo: wanarudishwa nyumbani na kibomba shingoni, bila mashine ya kunyonya makohozi, na bila tarehe ya kurudi.

Chanzo cha kubana huko kinajulikana tangu Joel Cooper na Hermes Grillo walipokieleza huko Boston mwaka 1969. Puto la mpira likijazwa hewa kupita kiasi hukata damu isifike kwenye utando wa koo. Kidonda huchimba hadi kwenye gegedu, kisha kovu hukaza polepole, mpira ukiwa umeshatolewa. Shinikizo linalofaa ni sentimita 20 hadi 30 za maji, na hupimwa kwa kipimo kidogo cha mkononi. Kuminya kwa vidole hakutoshi. Hata vidole vya mzoefu hukosea.

Kovu jembamba linaweza kupanuliwa. Kovu nene lililokwisha kula gegedu hurudi kila linapopanuliwa, na kuendelea kulipanua ni kumchosha mgonjwa na kumfilisi. Huyo anahitaji kukatwa kipande kilichoharibika, kisha ncha mbili ziunganishwe. Kwa mtu mzima, mikono iliyozoea inaweza kuondoa hadi karibu nusu ya koo la hewa. Leza haihitajiki. Kinachohitajika ni nyuzi nzuri, mpira safi wa kupitishia hewa kwenye ncha ya chini wakati wa kushona, na zaidi ya yote mtaalamu wa usingizi anayeelewana na mpasuaji kwa kutazamana tu. Timu ya namna hiyo haiwezi kukomaa pale anapoonekana mgonjwa mmoja kwa mwaka. Kwa hiyo tunasema wazi: wagonjwa hawa wapelekwe kwenye hospitali chache za rufaa zilizochaguliwa kwa kazi hii.

Anayetoboa usiku wa dharura naye ana sehemu yake. Inapowezekana apite palepale penye kovu, kwa sababu kila pete nzima ya gegedu anayoiharibu chini yake ni pete atakayoikosa mpasuaji wa kesho. Na asiyefaa kupasuliwa anaweza kuwekewa kibomba cha silikoni chenye umbo la T, akapumua na kuzungumza.

Hospitali zinazofanya upasuaji huu tunaziomba zituletee matokeo yao, yakiwemo ya waliofariki na ya wale ambao kovu limewarudia.