Picha za jangwa zisifiche wakaaji wake

Namibia inajulikana kama nchi ya jangwa. Lakini anayekusanya picha za kubandika za nchi hiyo huona mengi zaidi: vilima vya mchanga mwekundu vya Sossusvlei, korongo la mto Fish lenye urefu wa kilomita 160 hivi, uwanda mweupe wa chumvi wa Etosha, na miti mibichi kando ya mito Okavango na Zambezi.

Hilo ni jambo la kusifiwa. Mtoto anayebandika picha hizo kwenye daftari lake hujifunza kwamba jangwa si mahali patupu. Mwaka 2013, UNESCO iliingiza bahari ya mchanga ya Namib katika orodha ya urithi wa dunia.

Hata hivyo, picha nzuri inaweza kudanganya kwa kunyamaza. Etosha haikuwa ya wanyama peke yao. Watu wa Hai//om, jamii ya Wasan, waliishi humo wakiwinda, hadi utawala wa Afrika Kusini ulipowafukuza mwaka 1954. Kwenye picha tembo yupo, wenye ardhi hawapo. Batwa waliotolewa Kahuzi-Biega miaka ya 1970 wanayajua maumivu hayo.

Wachoraji na wauzaji hawana uwezo wa kurudisha ardhi. Lakini wanaweza kuandika, nyuma ya kila picha, jina la watu walioishi pale. Sentensi moja inatosha. Anayependa uzuri wa nchi anapaswa kujua pia ni nani aliyeutunza kabla ya watalii kufika.