Mti Mgeni Usimfukuze Mwenyeji

Kila msimu wa mvua unapowadia, ofisi na shule zetu za Kahama huingia katika harakati za kupanda miti. Miche hugawiwa, mashimo huchimbwa, taarifa huandikwa. Taarifa hizo hutaja idadi ya miche. Ni nadra kutaja ni miti gani, na imepandwa wapi. Hilo ni kosa, na sisi watumishi wa umma na walimu ndio tunaolitenda.

Hatupingi mti mgeni. Mkaratusi kutoka Australia ukipandwa shambani kwa kuni za kukaushia tumbaku, una kazi yake, na huenda ukaunusuru mninga. Tunachopinga ni kuuingiza mti mgeni katika msitu wa asili, kisha kudai kwamba msitu umehifadhiwa.

Tujifunze kwa Mahale, mkoani Kigoma. Huko ulipandwa vijijini mti uitwao Senna spectabilis, ndugu wa mjohoro, ambao asili yake ni Amerika ya Kati na ya Kusini. Maua yake ya manjano yanapendeza, na hukua upesi. Watu walipohamishwa, na eneo likawa Hifadhi ya Taifa mwaka 1985, mti ulibaki, ukaenea na kuisonga miti ya asili. Ukikatwa, kisiki huchipua tena. Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Mgeni huyu alikuja, mwenyeji akaugua.

Nasi Shinyanga tunayo historia yetu. Serikali ya kikoloni ilifyeka vichaka ili kuangamiza mbung'o. Baadaye mashamba ya pamba na mifugo mingi vikamaliza kilichosalia. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, ulioanza mwaka 1986, mwanzoni ulitilia mkazo miche, mingi ikiwa ya kigeni. Lakini mafanikio makubwa yalitokana na ngitili, desturi ya wazee ya kufunga malisho wakati wa mvua na kuyafungua wakati wa kiangazi. Visiki na mizizi iliyokuwa hai ardhini ilichipua yenyewe. Ngitili zilizokadiriwa kuwa hekta 600 tu mwaka 1986 zilizidi hekta 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000. Miti hiyo haikununuliwa wala kumwagiliwa. Ilipewa nafasi tu.

Leo ngitili hizo zinakabiliwa na shoka la mkaa, tanuri la tumbaku na mahitaji ya magogo ya machimboni. Je, tutazifidia kwa takwimu za miche?

Hatuna budi kubadilika. Kila taarifa itaje jina la mti, mahali ulipopandwa, na ekari za ngitili zilizolindwa. Mche mgeni ubaki shambani na uani, usivuke mpaka wa ngitili. Na mwalimu awapeleke wanafunzi kwa wazee wakajifunze majina ya miti yao, kwani asiyemjua mwenyeji hawezi kutambua siku mwenyeji huyo alipofukuzwa.